Leseni ya pikipiki Mwanza: maswali ya kila siku kijiweni

Nimeendesha boda miaka saba, kijiwe chetu kikiwa jirani na stendi ya Buzuruga. Siku hizi naendesha kidogo. Kazi yangu kubwa ni ukatibu wa kijiwe: daftari, michango ya misiba, na kuamua ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Halafu maswali. Haipiti asubuhi bila mtu kusimama mbele yangu, akasema "mwangaluka", kisha akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hapa nimeyaandika yale yanayojirudia. Kabla hujaanza kusoma, shika jambo moja: kuna karatasi za mtu na karatasi za chombo. Leseni ya udereva ni ya mtu. Kadi, bima, namba na kibali cha kubeba abiria ni vya chombo. Kesi nyingi ninazozisikiliza zinatokana na watu kuchanganya hizo mbili.

Naendesha mtaani kwetu tu, Nyasaka kwenda Kiseke, wala sifiki lami. Kweli nahitaji leseni?

Unahitaji. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiulizi kama barabara ina lami, vumbi au yale mawe yetu ya Isamilo. Ikiwa watu wengine wanapita hapo, ni barabara. Najua trafiki hafiki kwenye uchochoro wenu. Mtoto anayekimbilia mpira anafika, na siku hiyo swali la kwanza utakaloulizwa kituoni ni leseni.

Madaraja ya leseni ni mengi. Mimi nichukue lipi?

Swali hili ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nitalitembea polepole.

Kwa vyombo vyetu kuna herufi A na watoto wake watatu. A yenyewe ni ya pikipiki yenye injini inayozidi cc 125 (cc ni kipimo cha ujazo wa injini), iwe na kigari cha pembeni au isiwe nacho. A1 ni ya pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, ya cc 125 kushuka chini. A2 ni ya bajaji na wenzake wa magurudumu matatu au manne. A3 ni ya vipikipiki vidogo visivyozidi cc 50, vile ambavyo zamani vilikuwa na pedali kama baiskeli na ambavyo hapa Mwanza unaweza kumaliza mwezi hujakiona hata kimoja.

Sasa njoo kijiweni uangalie zilizopaki. TVS HLX 125 injini yake ni cc 124.5, hivyo inaingia A1, tena kwa kukwaruza mlango. Boxer 150 injini yake ni cc 144.8. Hiyo ni A. Kwa macho zinafanana: tanki, siti ndefu, bampa la chuma alilochomelea fundi. Abiria hajui tofauti. Trafiki anaijua, na kampuni ya bima inaijua zaidi.

Usitegemee maandishi yaliyobandikwa kwenye tanki. Kuna vijana wanabadilisha stika ili chombo kionekane kikubwa. Chukua kadi ya pikipiki, tafuta ujazo wa injini ulioandikwa pale, ndipo ujue daraja lako.

Ushauri wangu kwa kijana anayetafuta riziki kwa boda ni kwamba afanyie mtihani daraja A tangu mwanzo. Leo tajiri, yaani mwenye chombo, amekupa 125, mwakani anakwambia ameiuza, amenunua 150, na wewe unaanza tena safari ya ofisini.

Nimesoma mtandaoni kwamba A2 ni leseni ya pikipiki. Wewe unasema ni bajaji. Nani mkweli?

Wote wakweli, ila mmesoma nchi tofauti. Kenya wana A1, A2 na A3 zao: kwao A1 ni ya kipikipiki cha cc 50, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya bodaboda, wapeleka vifurushi na magurudumu matatu. Uingereza nako A2 ni ya pikipiki yenye nguvu isiyozidi kilowati 35, unaipata kuanzia miaka 19. Kipikipiki cha cc 50 kule wanakiita AM na kijana anaruhusiwa kuanzia miaka 16.

Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Uingereza au shemeji yako wa Kisumu akikutajia herufi, msikilize kwa heshima, halafu fuata za hapa. Nimewahi kumwona kijana ameomba A2 kwa kufuata video ya Kenya. Alitoka na ruhusa ya kuendesha bajaji, chombo ambacho hajawahi kukigusa.

Mimi ni mwalimu, nina leseni ya gari miaka kumi. Nimenunua pikipiki ya kwendea shuleni. Leseni yangu si inatosha?

Haitoshi, mwalimu. Madaraja B na D yameiacha pikipiki nje waziwazi. Gari lina magurudumu manne na halianguki ukisimama. Unaenda kufundishwa pikipiki, unafanya mtihani wake, na daraja linaongezwa kwenye leseni yako. Jina lako na namba yako havibadiliki.

Umri je? Mdogo wangu ana miaka 16 na anaendesha kuliko sisi wote.

Namjua wa aina hiyo, kila mtaa unaye. Panga kwa miaka 18. Maombi ya leseni yanataka namba ya NIDA, na kitambulisho cha taifa kinaandikishwa kwa aliyetimiza miaka 18. Hadi hapo afundishwe kuosha cheni na kurekebisha breki, naye atapata kitu cha kufanya.

Hatua zenyewe ni zipi, kuanzia mwanzo kabisa?

Anza na namba ya NIDA. Kisha TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Watu wanaogopa TIN wakidhani wameingia kwenye kodi ya biashara, lakini kuna TIN isiyo ya biashara, na hiyo ndiyo unayoihitaji kwa leseni.

Ya pili ni leseni ya kujifunzia, ambayo inadumu miezi mitatu na ada yake ni shilingi 10,000. Hiyo unaitafuta kabla hujapanda chombo barabarani.

Kisha nenda shule ya udereva inayotambulika. VETA, chuo cha ufundi stadi, wapo Nyakato, na zipo za watu binafsi. Mara nyingine mafunzo yanakuja vijiweni kwa vikundi, na mkiwa wengi bei inakuwa nafuu. Muulize katibu wa kijiwe chako. Shule ikikuambia ulipe upate cheti bila kukaa darasani, hiyo shule inakuuzia karatasi.

Ukihitimu unapelekwa kwa askari wa usalama barabarani kupimwa: alama, sheria, kisha vitendo. Ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unatengenezewa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, unalipa, unaenda TRA kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na saini. Kadi inachapishwa. Inadumu miaka 5.

Mtihani wa vitendo ukoje? Mimi sina wasiwasi, naendesha kila siku.

Wanaoendesha kila siku ndio ninaowaonea huruma. Jumamosi moja tulipanga mawe kwenye uwanja wa shule, tukawaambia vijana wetu wapite katikati yake kwa umbo la nane, polepole, bila kushusha mguu. Kulikuwa na mmoja anayejulikana kwa mbio, Igoma hadi Kisesa anafika kabla hujamaliza kupiga simu. Alifika jiwe la tatu, miguu ikaanza kushuka kama mnandi anayetua majini. Jiwe la tano akalala na chombo. Mama mmoja muuza mitumba, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu aanze kujifunza, alizunguka nane nzima huku kitambaa cha kichwani hakijatikisika.

Tofauti yao ilikuwa klachi. Kijana alizoea klachi mbili tu, iliyokamatwa na iliyoachiwa. Mama alifundishwa kuishikilia katikati, pale injini inapoanza kuvuta, huku anakanyaga breki ya nyuma kidogo na macho yake yako kwenye jiwe linalofuata, si kwenye tairi. Kwenye mwendo mdogo breki ya mbele iache. Ukiikamata usukani ukiwa umekunjwa, unalala chini palepale.

Jifunze pia kuondoka mlimani, maana Mwanza ni mji wa milima. Tafuta mpando kama ule wa kwenda Bugando, simama katikati kwa breki ya mguu, weka gia ya kwanza, achia klachi hadi usikie chombo kinataka kupiga hatua, ongeza mafuta kidogo, ndipo uinue mguu kwenye breki. Ukirudi nyuma hata nusu mita, rudia. Siku abiria wako atakuwa ana kilo 90 na gunia la viazi, utakumbuka zoezi hili.

Leseni ya kujifunzia inaniruhusu kubeba abiria wakati nasubiri kadi?

Hapana. Abiria anakulipa nauli akiamini umeshajifunza.

Jumla ni shilingi ngapi?

Kiasi halali ni kile kilichoandikwa kwenye kontro namba. Mtu akikutajia bei kwa mdomo, mwambie aitoe kwenye mfumo. Ukipokea kontro namba, soma jina la anayelipwa kabla hujabonyeza namba ya siri. Ada ya shule ni jambo jingine, hiyo unaongea na shule yenyewe na unapewa risiti.

Kuna mtu anasema ananipatia leseni kwa siku tatu, nisiende popote. Nimwamini?

Huyo ni kishoka, dalali wa njia za mkato, na ninayekujibu nimewahi kumlipa.

Nilikuwa na mwaka wa kwanza barabarani. Nikaonyeshwa kaka mmoja mwenye begi la kompyuta ambalo sikuwahi kuona kompyuta ikitoka ndani yake. Alisema niende tu kutoa alama za vidole na picha, mengine atamaliza mwenyewe. Kwa kweli kadi ilikuja, ya plastiki, sura yangu, jina langu. Nilitembea nayo miezi minane kifua mbele. Kila trafiki aliyenisimamisha alitazama picha, akanitazama mimi, akanirudishia.

Halafu siku moja pale njia panda ya Usagara nikasimamishwa na askari dada, mpole, hata sauti hakupandisha. Aligeuza kadi upande wa pili. Akainama kusoma namba za chombo, akaomba na kadi ya pikipiki. "Kaka, leseni hii inakuruhusu cc 50. Pikipiki yako ni 150. Umeipata wapi?" Nilikuwa sijawahi kugeuza ile kadi. Miezi minane! Daraja lililoandikwa lilikuwa A3, na mimi nilikuwa nimebeba abiria wa Misungwi na boksi la vifaranga.

Faini nililipa. Kilichoniuma zaidi ni kuanza upya, shule, mtihani, kila kitu, mwezi mzima chombo kikiwa kwa mwenzangu. Yule mwenye begi simu yake ilikuwa haipatikani. Sasa kila kijana akija na kadi mpya namwambia jambo la kwanza: igeuze.

Pikipiki si yangu, ni ya mkataba. Nani anabeba gharama gani?

Kwa asiyeujua, mkataba ni kumpa tajiri hesabu ya kila siku kwa miezi mliyokubaliana hadi chombo kiwe chako. Sasa rudi kwenye karatasi za mtu na za chombo. Leseni ya udereva ni yako, hata kama tajiri alikukopesha hela ya kuitafuta. Kadi, bima na kibali cha kusafirisha abiria ni vya chombo, na mwenye chombo ndiye wa kuhakikisha vipo. Hapa kijiweni tumekubaliana hivi: kosa la mtu, kama kutovaa kofia au kupita taa nyekundu, analipa dereva. Kosa la chombo, kama bima kuisha au taa ya nyuma kufa siku ya kukabidhiwa, analipa tajiri. Taa ikifia mikononi mwako ni ya kwako.

Hayo yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na hesabu ya siku, siku ya mapumziko, na kinachotokea ukiumwa. Msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, kila mmoja abaki na nakala. Mikataba mingi ninayoletewa ina mistari minne: jina, namba ya chombo, hesabu, miezi. Mwezi wa kumi na moja tajiri anaona chombo bado kizima, anaanza kutafuta sababu.

Na usimpe deiwaka, yule anayekushikia kazi kwa muda, chombo bila kumwomba leseni yake. "Nizungushie saa moja tu, nakula" ni sentensi iliyowapeleka watu mahakamani.

Hiyo leseni ya LATRA si ndiyo leseni yenyewe?

Hapana, na hapa ndipo neno "leseni" linapotuchezea. Leseni ya udereva inasema wewe unajua kuendesha. Leseni ya usafirishaji inasema chombo hiki kinaruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. LATRA ndiyo mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zipo tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo pikipiki ya abiria ilikuwa inakimbia bila kutambuliwa na sheria, wazee wa kijiwe wanaikumbuka hiyo enzi.

Ukiwa na moja bila nyingine, bado una kosa. Ukiwa na pikipiki yako binafsi ya kwendea kazini, ya LATRA haikuhusu. Ila usibebe mtu kwa nauli hata mara moja. Namba yako inakusema: ya njano ni ya binafsi, nyeupe ni ya biashara, na zote kwetu zinaanza na MC.

Mzee wangu ananiuliza kama nimelipia rodi laisensi. Bado ipo?

Msalimie. Ile ada ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017. Stika yake kama bado ipo kwenye chombo ni kumbukumbu.

Bima ni lazima? Ipi?

Lazima, walau bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Inamlipa uliyemgonga, wewe mwenyewe na chombo chako haikuhusu. Anayetaka chombo chake kilindwe akate bima kubwa. Baada ya kukata, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa kutumia simu yako kabla hujaondoka kwa wakala, maana risiti nzuri si bima.

Na ukumbuke yale madaraja. Ukipata ajali ukiwa na leseni isiyo ya chombo hicho, unaipa kampuni ya bima sababu ya kukukatalia au ya kukufuata wewe ulipe.

Kofia ngumu moja haitoshi? Abiria hawazitaki, wanasema zinanuka.

Mbili. Yako na ya abiria, na zote mbili mikanda yake ifungwe kidevuni. Kofia iliyowekwa kichwani bila kufungwa inatangulia kuruka kabla hujafika chini.

Kuhusu harufu, abiria wana haki. Nusu ya kofia za abiria mjini hapa zinanuka kama ziliogeshwa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Osha kitambaa cha ndani Jumapili kwa sabuni ya unga, ianike kwenye upepo na si juani kutwa, jua linakausha sponji. Akina dada wenye nywele za kusuka wape kofia ndogo ya kitambaa ya kuvaa ndani. Mwenzetu mmoja alianza kununua za bei ndogo sokoni na kumgawia kila mteja wa kudumu, sasa wanampigia simu yeye tu.

Mshikaki na mzigo je? Umbali ni mfupi.

Abiria ni mmoja. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni kosa hata kama ni mume, mke na mtoto wao, hata kama ni kutoka Mkolani hadi Buhongwa. Juu ya mtoto mmoja peke yake, kipimo changu mimi ni miguu: kama haifiki kwenye vikanyagio, simbebi, na mama yake akinuna anune.

Mzigo ndio tatizo letu watu wa ziwani. Alfajiri pale Kirumba unaona boda imebeba magunia ya dagaa hadi dereva anaonekana kofia tu. Dagaa wakavu ni wepesi, lakini gunia ni pana, na upepo ukitoka ziwani unalisukuma kama tanga. Samaki wabichi ni kinyume chake: boksi dogo, zito, na maji ya barafu yanachuruzika kwenye tairi la nyuma. Nimeteleza na sangara mara moja Mabatini, mvua ilikuwa imenyesha na mto Mirongo umejaa. Mzigo usipite upana wa usukani wako, na boksi liwekewe karai chini.

Trafiki kaniandikia. Nalipa ngapi na wapi?

Tangu Julai 2021 faini ya papo hapo kwa pikipiki na bajaji ni shilingi 10,000 kwa kosa moja, ilishuka kutoka 30,000. Zingatia "kwa kosa moja". Ukikutwa huna kofia, bima imeisha na umebeba mshikaki, piga hesabu mwenyewe.

Unaandikiwa kwenye mashine, unapata kontro namba, unalipa kwa simu au benki. Deni lako unaweza kulitazama kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya chombo, na mwenye mkataba nakushauri utazame kila Ijumaa, kwa sababu deni linaandikwa kwenye chombo na tajiri naye anatazama. Usitoe pesa mkononi. Kama hukubaliani na kosa, sema kwa adabu kwamba hukubali na utakwenda kujieleza. Kubishana kwa sauti barabarani sijawahi kuona kunamsaidia mtu, na mimi ni mbishi.

Makosa mazito hayaishi kwa shilingi 10,000. Kugonga mtu na ulevi vinakwenda mahakamani. Kipimo cha sheria kwa ulevi ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Kwa mwenye abiria mgongoni, kijiwe chetu kimeweka sifuri.

Leseni imeisha muda. Imepotea. Imefutika picha.

Iliyoisha unaihuisha TRA. Usingoje siku ya mwisho, na hakikisha madaraja yako yote yamerudi kwenye kadi mpya. Iliyopotea, tafuta kwanza taarifa ya upotevu kutoka polisi, ambayo siku hizi unaiomba hata mtandaoni, kisha uende nayo TRA kuomba nyingine. Picha ya leseni kwenye simu itakusaidia kukumbuka namba. Usimpe trafiki ukidhani ndiyo leseni.

Na pikipiki za umeme? Hazina cc.

Hazina cc, lakini zina magurudumu na zinakimbia, tena kimya, mbuzi hasikii. Kikiwa na namba ya MC, kiendeshe kwa leseni ya pikipiki, kofia na bima kama chombo kingine.

Nikitoka nje ya mji, kuna la ziada?

Kwenda Sengerema siku hizi ni rahisi. Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya maji, na zile saa za kungoja kivuko zimebaki hadithi. Shida ni upepo. Mchana ziwa likichafuka, punguza mwendo, shika tanki kwa magoti, na usipite karibu na ubavu wa lori: ukimpita tu, upepo aliokuwa anaukinga unakupiga wote kwa mara moja.

Kwenda Ukerewe bado unapanda kivuko, Kisorya hadi Rugezi. Zima injini, shuka, isukume ndani. Iegeshe kwa gia ya kwanza na stendi ya pembeni, stendi ya kati inacheza kwenye mawimbi. Abiria wako naye ashuke, akate tiketi yake.

Ukielekea Sirari na unataka kuvuka kwenda Kenya, bima yako ya hapa inaishia mpakani. Kuna kadi ya njano ya COMESA ambayo Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Muulize wakala wako wa bima kabla hujaondoka Mwanza, pamoja na nyaraka za forodha za chombo. Na kibali chako cha kubeba abiria hakivuki. Kule ukimbeba mtu kwa nauli utaelezea mwenyewe, kwa Kijaluo kama unakijua.

Nije kijiweni saa ngapi nikiwa na swali ambalo halipo hapa?

Kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa nne. Katikati hapo mabasi yanaingia. Njoo na kadi ya pikipiki, leseni kama unayo, na namba ya NIDA kwenye karatasi. Chai utanunua wewe.